Mama Muhuri na Kosa la Nne

Kuna watu wanaoamini kila wanachoambiwa, na kuna watu wanaomtazama msemaji usoni kwanza ndipo waamini. Mama Muhuri hakuwa huku wala kule. Yeye alitazama viatu vya msemaji, aone vina vumbi la wapi.

Alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya mizani, ile inayozunguka madukani kupima kama kilo ya muuza sukari ni kilo kweli au ni ahadi tu. Kwa miaka ishirini na sita barua zote za ofisi zilipita mikononi mwake kabla hazijafika kwa mtu mwingine yeyote, na hakuwa na haraka ya kuzifungua. Aliigeuza bahasha, akaisogeza dirishani, akausoma muhuri wa posta: imetumwa lini, imepitia wapi, imefika lini. Barua iliyojifanya imetoka makao makuu huku imegongwa muhuri wa posta ya mtaa wa pili ilirudishwa bila kuchanwa. Ndipo wenzake wakampa jina la Mama Muhuri, na yeye, badala ya kuudhika, akaona amepandishwa cheo. Mumewe, fundi wa majokofu, husema hata barua yake ya uchumba ilikaa wiki nzima bila kufunguliwa kwa sababu muhuri wake ulikuwa umefifia. Akisema hivyo watu hucheka, na mkewe habishi, maana ni kweli.

Kompyuta zilipoingia ofisini, watu walidhani mama huyu kazi imemwishia. Barua pepe haina bahasha, haina stempu, na haina mahali pa kunusa. Lakini mwanamke aliyekuwa fundi wa kompyuta wakati huo, ambaye baadaye alihamia ofisi nyingine, alimketisha kitini akamwonyesha siri. Kila barua pepe, alimwambia, ina mwili na kichwa. Mwili ndio huo tunaousoma. Kichwa kiko juu yake, kimefichwa, mistari ishirini au thelathini ambayo kompyuta zinaandikiana zenyewe: barua imetoka seva gani, yaani kompyuta ipi ya kupokezana barua, imepokewa na seva gani, saa ngapi, na mtu akijibu, jibu liende wapi. Kila seva inayoipokea hugonga muhuri wake juu ya muhuri wa mwenzake, kwa hiyo anayetaka kujua safari ya barua huanza chini na kupanda juu. Mistari ya chini mwongo anaweza kuitunga mwenyewe. Ule wa juu kabisa, ulioandikwa na seva ya hapa hapa ofisini, hawezi kuugusa.

Mama Muhuri aliitazama mistari ile kama mtu aliyekutana na ndugu yake waliyepoteana naye sokoni. Siku ile hakwenda hata kula mchana.

Baada ya mwezi mmoja alikuwa ameomba kazi ya kuchuja barua pepe za ofisi nzima, akapewa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Akatunga sheria zake tatu. Barua ambayo anwani ya kujibu si ile ya aliyetuma, hilo kosa. Barua iliyotoka kwenye seva yenye namba tupu, isiyokuwa na jina linalojulikana, hilo kosa. Barua ambayo saa ya kutumwa haipatani na saa ya kupokewa, imefika kabla ya kuondoka kwa mfano, hilo nalo kosa. Kosa moja alisamehe, kwa sababu binadamu ni binadamu. Makosa mawili barua iliwekwa pembeni kwanza. Makosa matatu ilitupwa kwenye pipa, na pipa lile lilijimwaga lenyewe kila kitu kikifikisha siku kumi. Mashine ilifanya kazi yote hiyo peke yake, lakini kila asubuhi yeye alipitia vichwa vya zilizotupwa, kwa raha zake, kama mtu anayehesabu panya walionaswa.

Mwili wa barua yenye makosa matatu hakuufungua hata siku moja. Alikuwa na usemi wake: mwizi hakaribishwi ndani ili umjue sura.

Lingekuwa jambo jema kama lingeishia hapo. Lakini mtu akishajua kitu ambacho wenzake hawakijui, ulimi humwasha. Kila Jumatatu saa mbili kamili, kabla ya kazi, Mama Muhuri aliwakusanya watu kwenye ukumbi mwembamba mbele ya ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya likizo na tangazo la kikombe kilichopotea tangu mwaka juzi. Hapo alibandika karatasi moja, kichwa cha barua mbovu ya wiki, na makosa yake matatu yamezungushiwa wino mwekundu. Kisha alifundisha. Somo lenyewe lilichukua dakika tano. Dakika kumi zilizobaki zilikuwa za kuwakumbusha watu aibu zao: dereva aliyeambiwa ameshinda gari akauliza lina gia ngapi, mkaguzi wa pampu za mafuta aliyejaza fomu ya kumwoa mwanamke asiyekuwepo duniani. Watu walicheka kila mmoja aibu ya mwenzake, wakitumaini yake haitatajwa.

Aliyechekwa kuliko wote hakuwepo ukumbini, kwa kuwa alikuwa ghorofani. Huyo ni Mkurugenzi, ambaye kwa siri walimwita Bwana Nimepokea.

Mkurugenzi alilelewa na watu wenye adabu. Aliambiwa mapema kwamba anayesalimiwa hujibu, na hakuna aliyemwambia baadaye kwamba zipo salamu zisizostahili jibu. Kwa hiyo alijibu zote. Mjane wa jenerali aliyetaka kumwachia mali, alimjibu: nimepokea barua yako, pole sana kwa msiba, nakutakia kila la heri. Meneja wa benki ambayo haipo, alimjibu: nimepokea, asante, wasalimie nyumbani. Matapeli wakifika kwenye suala la ada ya kushughulikia faili, ghafla hasikii tena, maana alikuwa bahili wa kupindukia, mtu aliyeagiza sabuni ya chooni ifungwe kwa uzi. Ubahili ulimlinda kuliko chujio lolote. Katika miaka minane hakuibiwa hata senti, na hilo lilimuudhi Mama Muhuri kuliko kama angeibiwa mara tatu.

Mwaka juzi walimwandikia kuwa amechaguliwa kupokea tuzo ya uongozi uliotukuka. Chujio likaimeza barua. Waliotuma wakapiga simu kuuliza mbona kimya, na Mkurugenzi akashuka ngazi mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ile jengo liliposhika moto kidogo. Mama Muhuri akamweleza habari za seva na mihuri. Mkurugenzi akamwambia kuwa yeye ndiye mwenye ofisi na hapangiwi wa kumwandikia. Akaagiza kuanzia siku hiyo sanduku lake lisichujwe, na zaidi ya hayo, kila barua itakayotupwa, ya mtu yeyote katika jengo, nakala yake ipelekwe kwake aikague.

Hewala haigombi. Mama Muhuri alimtengenezea sanduku la pekee, akaliandika jina: Jalala. Akamwambia ni neno la kitaalamu. Tangu hapo mtu mwenye zulia, jokofu dogo na kiti kinachozunguka akawa ndiye pekee katika jengo zima anayesoma takataka za wote, kila asubuhi, na chai ya rangi, na hafuti hata moja. Watu walicheka mpaka wakashika ukuta.

Sasa, mama huyu alikuwa na mtoto wa mwisho, binti wa miaka ishirini na minne, na huyu binti alikuwa na jambo moja tu alilolitaka maishani.

Alifanya kazi kwa fundi viatu, kwenye uchochoro ulio nyuma ya maduka ya vitambaa. Mwaka mmoja nyuma alikuja mteja mwenye mguu wa bandia, mkanda wa ngozi umekatika, akiwa amekaa nyumbani wiki tatu kwa sababu hakuna aliyejua kuushona. Binti aliushona. Mteja akausimamia, akatembea mpaka mwisho wa uchochoro, akageuka, akarudi, akalipa, akaondoka. Binti alikaa na sindano mkononi mpaka fundi akamuuliza kama anaumwa. Tangu siku hiyo hakulala vizuri mpaka alipojua kuwa kuna chuo kinachofundisha kutengeneza miguu na mikono ya bandia. Chuo kilichukua wanafunzi kumi na wawili kwa mwaka, na hakikupokea mtu aliyetimiza miaka ishirini na mitano. Mwaka uliopita aliomba akakosa. Mwaka huu aliomba tena, namba yake mia nne kumi na saba, na mwaka ujao angekuwa amepita umri. Kwa hiyo ilikuwa ama sasa, ama basi.

Fomu ilitaka anwani ya barua pepe. Binti alikuwa na yake kwenye simu, lakini mama akamkataza. Ile ya simu, akasema, imejaa uchafu, barua ya maana itapotelea humo. Andika ya kwangu ya ofisini. Kwangu hapapiti hata sisimizi.

Binti akaandika ya mama.

Barua ilitumwa tarehe tatu, siku ya Jumanne. Chuo, kama vyuo vingi, kilikuwa na mafundi hodari wa miguu lakini hakikuwa na fundi wa kompyuta, kwa hiyo barua zao zilitumwa na kampuni ya kukodi, kutoka kwenye seva yenye namba tupu ambayo saa yake ilikuwa mbele kwa siku tatu. Anwani ya kujibu ilikuwa ya katibu wa chuo, ile ya bure anayoitumia pia kuandikiana na shemeji zake. Mahali pa jina la mtumaji waliandika tu Msajili Mkuu. Na mahali pa kichwa cha habari, Mungu awasamehe, waliandika kwa herufi kubwa tupu: HONGERA! UMECHAGULIWA! THIBITISHA SASA!

Makosa matatu, mengine ya nyongeza. Chujio halikusita.

Asubuhi ya pili Mama Muhuri alikiona kile kichwa kati ya panya wake, akacheka peke yake masijala. Tarehe sita, na leo ni tarehe nne! Barua imetoka kesho kutwa! Akaichapa. Jumatatu, tarehe tisa, ikawa barua mbovu ya wiki, na watu wanasema hajawahi kufundisha vizuri kama siku ile. Alizungushia anwani ya kujibu, akazungushia namba ya seva, akazungushia tarehe. Akauliza, Msajili Mkuu wa nini, wa mbinguni? Anasajili nani, na mbona ana haraka hivyo? Akasema hata matapeli siku hizi wamekuwa wavivu, zamani walijitahidi kidogo. Dereva alicheka mpaka akafuta machozi, maana wiki ile hakutajwa. Karatasi ikabaki ubaoni, karibu na tangazo la kikombe.

Jioni binti aliuliza kama chuo hakijaandika. Mama akamjibu kuwa ingekuja angeiona. Aliuliza hivyo kila jioni akivua aproni yake yenye gundi, na kila jioni alijibiwa vilevile, ila sauti ya mama iliendelea kuwa na huruma zaidi, kama ya mtu aliyekwisha kukubali kwamba mwanawe amekosa tena na anangoja wakati mzuri wa kumwambia ajipe moyo. Tarehe kumi na tatu, pipa lilijimwaga, kama lilivyoamriwa.

Jumatano, tarehe kumi na nane, saa tano asubuhi, binti aliingia masijala bila kubisha hodi. Alikuwa ametembea kwa haraka kutoka uchochoroni na bado ameshika kiatu cha mteja. Akasema amekutana na msichana waliyefanya naye usaili, na yule msichana amechaguliwa, barua alipata tangu tarehe tatu. Zilitumwa zote siku moja, waliokosa na waliopata. Aliyepata alipewa siku kumi na nne kuthibitisha, asipothibitisha nafasi inakwenda kwa mwingine. Siku ya kumi na nne ilikuwa jana. Amepiga simu chuoni mara sita, inaita tu.

"Mama, hata waliokosa waliandikiwa," akasema. "Mimi mbona sikuandikiwa hata kwamba nimekosa?"

Mama Muhuri akafungua mdomo aseme kwamba ingekuja angeiona, akakumbuka karatasi iliyo ubaoni. Tarehe tatu. Aliinuka, akatoka mpaka ukumbini, akasimama mbele ya ubao. Akausoma mstari wa juu kabisa, ule ulioandikwa na seva ya ofisi, ule ambao mwongo hawezi kuugusa: imepokewa Jumanne, tarehe tatu, saa nne na dakika kumi na moja. Akasoma: Msajili Mkuu. Akasoma: UMECHAGULIWA. Akashika ukuta palepale watu waliposhika wakimcheka Mkurugenzi.

Binti alikuwa amesimama nyuma yake. Aliisoma karatasi, wino mwekundu na yote, na hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amesikia habari za hii barua nyumbani, mezani, wakati wa chakula. Hata yeye alikuwa ameicheka.

Walirudi masijala wakapekua pipa, lilikuwa tupu. Mama Muhuri aliyelitengeneza alijua ni tupu, akalipekua mara mbili. Kichwa kilikuwa ubaoni, mwili umeteketea, na kilichotakiwa, maelekezo ya kuthibitisha, kilikuwa mwilini. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu alikuwa amejinywesha sumu yake mwenyewe na kuwagawia wenzake waonje. Kulikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo barua ile ingali nzima, na alipajua vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyepapachika jina.

Alipanda ngazi na binti yake nyuma. Katibu muhtasi akawaambia Mkurugenzi yuko kwenye shughuli. Shughuli ilikuwa chai.

Mama Muhuri akaeleza shida yake akiwa wima. Hakuizungusha, alisema amekosea, ameitupa barua ya mwanawe, na anaomba kutazama Jalala. Neno hilo lilimtoka likamchoma midomo. Mkurugenzi hakuonyesha kuchomwa na chochote. Alitoa miwani akauliza ni barua ipi, akaambiwa ya Msajili Mkuu, tarehe tatu.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Akageuza kioo cha kompyuta waone. Barua ilikuwapo, nzima, na mwili wake. Mwombaji mpendwa, ilisema, umechaguliwa kuwa miongoni mwa watu kumi na wawili kati ya mia tisa na arobaini. Hapo ndipo Mkurugenzi alipoachia kusoma, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma mpaka kwenye habari njema na kusimama. Chini zaidi, kwa herufi ndogo, lilikuwepo jina la chuo na fani yenyewe, na namba ya mwombaji, mia nne kumi na saba. Na chini ya hapo lilikuwepo jibu, limeandikwa tarehe nne, saa tatu kasoro robo, wakati wa chai: Nimepokea kwa furaha kubwa. Nathibitisha. Nitafika bila kukosa.

Binti aliweka kiatu cha mteja mezani kwa Mkurugenzi, juu ya mafaili, ili mikono iwe huru kushika kitu, na kitu alichoshika kilikuwa bega la mama yake.

Kulikuwa na barua nyingine, ya tarehe tano, kutoka kwa katibu wa chuo. Ilisema asante mwombaji mia nne kumi na saba, nafasi yako imehifadhiwa, fika siku ya kwanza ya mwezi ukiwa na aproni nyeupe na viatu vinavyofunika vidole. Katibu wa chuo alikuwa ameiona namba kwenye barua iliyorudi chini ya jibu, akaweka alama kwenye orodha yake, akaendelea na kazi. Hakutazama ni nani aliyejibu, kutoka anwani gani, wala kwa nini mwombaji wa miaka ishirini na minne anajiita Mkurugenzi chini ya jina lake. Laiti pale chuoni angeketi Mama Muhuri, jibu lile lingetupwa siku ileile, na wino mwekundu juu. Alilifikiri hilo mwenyewe, amesimama kwenye zulia, na uso ukamshuka.

Akamweleza Mkurugenzi taratibu kwamba aliyechaguliwa ni huyu binti. Mkurugenzi akaitazama barua, akamtazama binti.

"Una hakika si mimi?"

"Mkurugenzi, uliwahi kuomba kwenda kusomea miguu ya bandia?"

Alifikiri kwa makini, kama mtu asiyetaka kukosa haki yake kwa kusahau. "Sikumbuki," akasema.

Binti akatoa stakabadhi yake ya maombi, imekunjwa mara nne, namba mia nne kumi na saba. Mkurugenzi aliipokea, akailinganisha na kioo, tarakimu moja moja. Wakati wa ujana wake alikuwa mkaguzi wa mizani, na mizani ikilala upande mmoja hakuwahi kubishana nayo. Akairudisha. Akafungua droo ya meza, akatoa mfuko wa karatasi, na ndani yake mlikuwa na aproni nyeupe, mpya, bado ina pini za dukani. Alikuwa amejiuliza, akasema, kwa nini sherehe ya heshima itake aproni, lakini kila heshima ina vazi lake.

"Nilishamwambia mke wangu," akasema polepole.

Siku nyingine yoyote Mama Muhuri angelibeba neno lile mpaka ukumbini, angelitilia chumvi, angelila wiki nzima. Siku ile aliliacha palepale kwenye zulia. Alikuwa amemcheka mtu huyu miaka minane kwa kujibu kila anayemsalimu, na ndiye pekee katika jengo zima aliyemjibu Msajili Mkuu. Alimwambia asante. Alikuwa hajawahi kumwambia neno hilo, na wote wawili hawakujua la kufanya nalo.

Mkurugenzi akampa binti aproni. Katibu muhtasi aliyeshuhudia anaapa kuwa ni kitu cha kwanza alichowahi kukitoa bure. Kisha akauliza kama huko chuoni wana hafla ya mwisho wa mwaka, na kama wazazi hualika wageni.

Binti alitangulia kushuka ngazi. Alikuwa na furaha, ila chini ya furaha kulikuwa na hasira, nayo haikuwa ndogo. Ukumbini akasimama mbele ya karatasi.

"Mama, ulijua barua imepitia wapi, imefika saa ngapi, imepokewa na nani. Kusoma inasema nini tu ndiyo ulikataa." Akamgeukia, akamalizia, "Hata mimi, jioni nikirudi, unaniuliza nimetoka wapi na nimepita njia gani. Hujawahi kuniuliza nina nini."

Akachukua kiatu chake na aproni yake akarudi kazini, maana mteja alikuwa anangoja. Mama Muhuri akabaki mbele ya karatasi, akaisoma tena kutoka juu.

Jumatatu saa mbili watu walikusanyika kama kawaida. Walijua yote, kwa kuwa katibu muhtasi hakuwa amefungwa mdomo, na walikuja mapema kuliko siku zote. Mkuki kwa nguruwe, na hawa walikuwa nguruwe wa miaka mingi. Dereva alisimama mbele kabisa. Mkurugenzi naye alishuka, na daftari, akasimama nyuma karibu na ngazi. Ubaoni ilikuwepo ileile karatasi ya wiki mbili zilizopita. Wengine walidhani mama ameshindwa kuitoa kwa aibu, mpaka waliposogea wakaona kuwa duara la wino mwekundu limeongezeka. Sasa yalikuwa manne. La nne lilizunguka mstari ambao hakuna mtu anayeutazama, ule unaotaja barua inakwenda kwa nani, na katika mstari huo hapakuwa na kitu ila anwani ya Mama Muhuri.

Dereva, ambaye alikuwa ameandaa mzaha tangu Ijumaa, akauliza kama hilo nalo ni kosa.

"Ndilo kubwa," akasema Mama Muhuri, na somo likaishia hapo.

Akaenda masijala, akaketi, akafungua pipa la asubuhi ile. Barua ya kwanza ilikuwa na makosa matatu, kutoka kwa mjane wa jenerali. Alijua ni tapeli, na alijua ametoka seva gani. Akaifungua hata hivyo, akaanza kuisoma, kuanzia salamu.